Watoto Kumi Waliosimama Handsworth

Mama alinituma Birmingham, Uingereza, nikamlete mpwa wangu Mghoi. Mwaliko wenyewe ulikuwa wa mambo mengine: ushirika wa Wakristo wanaosema Kiswahili kule mtaani Handsworth ulitaka nije niwaonyeshe jinsi takwimu zinavyoieleza dunia, maana hilo ndilo somo ninalofundisha chuoni Voi. Lakini Mama, akiwa kwake Wundanyi, hakujali takwimu. Hajawahi kumshika mjukuu wake, na kila mwaka dada yangu Wakesho huwa na sababu mpya ya kutomleta.

Voi hadi Nairobi nilipanda treni, kisha ndege mbili. Uwanjani Birmingham nilipokewa na Wakesho, bado na sare yake ya uuguzi, pamoja na Mghoi, msichana wa miaka kumi na minne mwenye kicheko cha Mama kabisa. Nilimsalimu kwa Kiswahili. Alielewa yote, akajibu kwa Kiingereza.

Kingstanding, wanakoishi, nilitarajia maghorofa na moshi. Nikakuta nyumba fupi za matofali, kila moja na kibustani chake, na nyuma ya jiko la Wakesho mistari miwili ya sukuma wiki. Nikajicheka. Mtaalamu wa takwimu naye huja na picha yake kichwani.

Jioni tukila ugali nikatoa ujumbe wa Mama.

"Akiugua huko je, kaka?" Wakesho aliuliza. "Mimi nimezaliwa kule, usinidanganye."

"Umeondoka zamani, dada."

"Zamani, lakini sijasahau."

Nilijua ni nini hajakisahau. Mdogo wetu Mwakio alikufa kwa surua mgongoni mwa Mama, njiani kwenda zahanati. Sikubishana naye tena.

Jumapili, baada ya ibada, tulikusanyika ukumbini karibu na Soho Road, chai na mandazi mezani. Niliwaita watoto kumi wasimame mbele. Nikasema hawa ndio watoto wachanga wote wa dunia, wa matajiri na wa maskini. Je, wangapi hupata chanjo ya kwanza ya surua? Vijana walikisia wanne, watano. Wazazi wao wakashuka chini zaidi. Nikamgeukia Wakesho, ambaye kuchanja watoto ndiyo kazi yake.

"Wawili," alisema bila kusita.

Nikawaketisha wanane, ndio wanaochanjwa. Watu wakaanza kuchekana. Kila mmoja alikuwa ameihesabu nchi yake kama alivyoiacha siku ya kuondoka. Nilifurahi, nami nikataka kukimbilia swali la pili.

Mama Furaha, aliyefika mji huu na wanawe kama wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hawa babili benye banabakia wima, njo batoto ya kwetu. Usibasahau."

Nilimwambia amesema kweli, wawili waliobaki wima ni watoto wa kwao. Wanane ni kweli na wawili ni kweli. Anayekutajia upande mmoja tu anakupunja. Swali la pili likangoja, tukazungumza juu ya wale wawili hadi chai ikapoa.

Ndani ya basi la kurudi, Wakesho aliketi kando yangu.

"Nachanja watoto kila wiki," alisema. "Lakini mtu akitaja nyumbani, namwona Mwakio peke yake." Alilia kidogo, nikamshika mkono. Tuliposhuka alimwuliza binti yake kama anataka kwenda kwa nyanya.

"Always," Mghoi alisema. "Hujawahi kuniuliza, Mum."

Shule zilipofungwa tukasafiri wawili, mimi na Mghoi, kwa kuwa Wakesho alisema hajapata likizo. Tukipanda milima ya Taita, Mghoi alibandika uso kwenye kioo cha gari. Mimi nilikuwa nikiwaza somo nililolipata: takwimu humwonyesha mtu hofu yake ilipochakaa, ila kuitua ni kazi yake mwenyewe.

Wundanyi, mchana, Mghoi akiwa amesinzia kwenye kiti cha nyanya yake, ameshiba kimanga cha mihogo na maharagwe, Wakesho alipiga simu. Amekula nini? Maji yamechemshwa? Neti ipo? Nilikuwa bado najibu Mama aliponipokonya simu.

"Mjukuu wangu amefika salama," alimwambia. "Bado wewe."