Zuleha Alipokuwa Afisa wa Polisi

Zuleha alikuwa Mzanzibari wa mtaa wa Sparkbrook huko Uingereza, fundi cherehani, mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya Ladypool Road. Ndiyo maana mwaka 2007, mwigizaji mmoja alipovunjika mguu, Kulwinder alimkimbilia yeye. Kulwinder, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, alikuwa ameandika mchezo wa kuadhimisha miaka sitini ya uhuru wa India: wanakijiji wanachota chumvi bila kulipa kodi, na afisa wa polisi Mwingereza anaamuru wapigwe virungu.

"Mie niwe Mwingereza?" Zuleha aliuliza. "Na hijabu yangu?"

"Utavaa kofia juu yake, dada. Wewe kazi yako kufoka tu."

Akachorwa masharubu kwa wanja. Siku ya onyesho ukumbi ulijaa Wapunjabi, wengi wao wazee waliohamia kutoka Kenya. Zuleha akaingia na mabuti, akafoka kwa Kiingereza kwamba watu watawanyike. Waigizaji wakakaa chini, kama walivyofundishwa. Akainua kirungu.

Hapo mamake Kulwinder, bibi wa miaka themanini, akainuka kwenye kiti cha mbele. Alipokuwa msichana huko Punjab, alimwona baba yake akiburutwa na polisi kwa ajili ya mkutano wa uhuru. Akapanda jukwaani na mkongojo wake, akaketi katikati ya wanakijiji, akasema kwa Kiswahili cha Kisumu, "Wachana na hawa watoto. Rudi kwenu."

Zuleha akasahau yote aliyokariri. "Kwetu Unguja, bibi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wazee wengine wakapanda, mmoja, wawili, kisha safu nzima, jukwaa likajaa. Zuleha akaona kazi ni kazi, akamshika bibi ili amkamate. Bibi akajilegeza kama gunia la mchele. Wakaanguka pamoja, wakacheka mpaka masharubu yakahamia kwenye shavu la bibi.

Nyuma ya pazia Kulwinder alishika kichwa. "Mimi niliandika mchezo wa huzuni," alisema. Kisha akasikia mamake akianzisha wimbo wa uhuru na watu wakimwitikia. Akatoka, akaketi nao.

Walipomaliza, bibi alimvuta Zuleha kando. "Baba hakurudi. Miaka yote nilitaka kukaa mbele ya yule afisa nikatae kuondoka."

"Nilikuwa mkali?"

"Ulikuwa mbaya sana," bibi alisema, akamkumbatia.

Onyesho la pili watu walikuja na mito ya kukalia jukwaani.