Namna Mama Thu Alivyomzika Mume Wangu

Fremu ile ya picha niliivunja mwenyewe, na sijutii. Kioo kilitawanyika kwenye saruji ya jikoni kwa Mama Thu, pale Old Town, Lilongwe, naye akasimama na kitambaa mkononi akinitazama. Mume wangu Byamungu hajafa. Hakuna aliyeniletea maiti, hakuna aliyenionyesha kaburi. Sasa huyu mwanamke anamwekaje kwenye meza ya wafu wake?

Kwanza tuelewane: Mama Thu si Mchina. Wamalawi humwita hivyo, kama wanavyotuita wakimbizi wote Maburundi, hata sisi Wakongo wa Bukavu, na yeye akilisikia hilo jina hurusha kijiko. Ni Mvietnam wa mji wa Nam Định, na Thu ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Amenisimulia mara mia mvua ya huko ya mwezi wa pili, nyembamba kiasi kwamba inalowesha nguo bila mtu kuisikia. Alikuja Lilongwe na mumewe kuuza vipuri vya pikipiki. Mume akaondoka na mwanamke mwingine, vipuri vikaisha, yeye akabaki akiwapikia wenye maduka supu na wali. Mimi ni fundi cherehani. Nilimshonea gauni lao refu lenye mipasuo miwili kuanzia kiunoni, akanifukuza mara tatu kwa sababu ya kola. Kiswahili alikiokota kwetu wakimbizi, na ulimi wake ni mkali kuliko pilipili zake. Nilimpenda hivyo hivyo.

Kila mwaka, kabla ya mwaka mpya wao, aliniita nimsaidie kufunga mchele na nyama ya nguruwe kwenye majani ya mgomba. Kufunga najua, nimekulia kwenye chikwange, mihogo yetu ya kufungwa kwa majani. Tukifunga, ananisimulia kwao. Baba yake alikwenda vitani Thu akiwa na miaka minne, hakurudi. Mama yake akawa anampakulia bakuli kila jioni, anaweka vijiti vya kulia juu yake, mpaka Thu akawa mwanamke mzima. Kwao kila mfu ana siku yake ya kupikiwa na kuitwa jina. Asiyejulikana alikufa lini hupewa siku aliyotoka nyumbani. Mama yake aliikataa siku hiyo mpaka akafa. Thu ndiye aliyempa baba yake siku, baada ya kumzika mama.

Nilisikiliza huku nakaza kamba. Sikujua kwamba alikuwa ananiambia mimi.

Byamungu alitoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane, kwenda Walungu, kwetu Kongo, kumchukua mama yake. Alivaa shati la bluu nililomshonea. Alipiga simu kutoka Uvira, halafu kimya, na miaka minane imepita. Kila jioni namtengea sahani na kuifunika. Asubuhi inaenda kwa kuku wa jirani. Mgao wa chakula kambini umepunguzwa mpaka mtu anaona aibu kuuita mgao, lakini sahani ya baba haiguswi. Fidès, jirani yangu, aliwahi kunichokoza: “Asiyekuwepo na lake halipo.” Nilimnunia wiki mbili. Mama Thu naye, Jumapili moja alipotuletea mchele, aliiona ile sahani.

Mwezi wa kwanza mwaka huu paa likavuja, na picha pekee ya Byamungu ikaanza kushika madoa. Nikampelekea Mama Thu aniwekee pakavu. Wiki mbili baadaye nakwenda kufunga majani, namkuta mume wangu ndani ya fremu nyeusi, kwenye meza ya wafu, kati ya picha za baba na mama yake Thu, vijiti vitatu vya ubani vinafuka, na bakuli la wali mbele yake.

“Njo nini hii, Mama Thu? Nani alikuambia bwana yangu alikufa?”

“Uliomba fasi ya kukauka. Kwangu, fasi ya muzuri njo hii.”

“Hii ni fasi ya bafu, ya benye kufa!”

Hapo ndipo fremu ilipopasuka. Aliinama akaokota vipande, na sauti yake nayo ikapanda.

“Miaka munane unamupakulia chakula, mutu haonekane. Weye njo ulimuweka kwa bafu, Mama Mamy. Mi nilimupatia tu meza. Na kwetu, ubani ikiisha, bazima banakula ile chakula. Kwako nani anakulaka?”

“Kuku!” nilimpigia kelele, kama vile hilo lilikuwa jibu. Nikachukua picha yangu nikaondoka, na njia nzima mpaka Dzaleka nilikuwa nikimtukana kimoyomoyo.

Jioni nilipakua kama kawaida. Mamy, binti yangu wa miaka kumi na mitatu, alikuwa anaiangalia sahani ya baba yake. Anaiangalia hivyo tangu akiwa na miaka mitano, na mimi siku zote nimeiita adabu. Ilikuwa njaa.

“Kula,” nikamwambia.

“Ya papa?”

“Kula, nimesema!”

Alikula akilia. Hasira yangu ikahama kutoka kwa Mama Thu, ikaenda moja kwa moja kwa Byamungu. Miaka minane sikuwahi kumkasirikia, maana nilidhani ukimkasirikia mtu harudi.

Miezi saba sikukanyaga kwa Mama Thu. Tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane, niliomba kibali cha kutoka kambini. Karani akauliza sababu ya safari, nikamwambia mambo ya nyumbani. Nilikwenda na Mamy, na bugali, na samaki wadogo, usipa wa huku, kwa kuwa sambaza wa Kivu hawafiki. Mama Thu alitufungulia mlango wa jikoni. Juu ya meza, kati ya baba na mama yake, palikuwa wazi, pamefutwa vumbi. Nikaiegemeza picha pale bila fremu, na sahani ya bugali na samaki mbele yake. Akawasha ubani.

“Umuite jina,” akaniambia.

Nikamwita, na sikumwita kwa upole.

“Byamungu, mi sisemi ulikufa. Lakini mutoto atakula hii chakula. Kama uko muzima, kuja uondoshe hii picha weye mwenyewe.”

Tukasimama mpaka ubani ukaisha. Mamy akavuta sahani, na sikumzuia.