Kocha wa Parklands na vidonge vya futari

Saa kumi na mbili asubuhi, katika gym iliyo ghorofa ya tatu ya jengo moja mtaani Parklands, Nairobi, Wesonga Makokha amesimama dirishani na mkebe wa unga wa protini. Anafuata maandishi madogo kwa kidole.

"Kocha, si uniambie tu kama iko poa? Nachelewa job," analalamika Phoebe, mteja wake, jasho likimtiririka.

"Ngoja nimalize kusoma."

Phoebe anaguna. Hajui kwamba mwaka jana kocha huyu hakuwa na subira hiyo, na kwamba ilimfika aibu ambayo hata leo akiisimulia huinamia viatu vyake.

Wesonga, mwenye umri wa miaka 36, alitoka Budalang'i, kando ya Ziwa Victoria, akaja kuwa kibarua wa mjengo. Mwili aliujengea kwenye mifuko ya saruji, kwa omena na ugali. Sasa hulipwa shilingi 27,000 kwa mwezi kuwafanyisha mazoezi watu wa ofisi, na duka moja la mjini lilikuwa likimwongezea 300 kwa kila chupa ya virutubisho aliyouza. Cheti cha lishe hana.

"Watu wakiona hii kifua wanadhani nimesomea," anasema. "Na mimi nikawaacha wadhani hivyo."

Mmoja wao alikuwa Ustadhi Abdulrauf, mzaliwa wa Lamu anayefundisha madrasa katikati ya jiji. Goti lilimuuma kila baada ya mazoezi. Wesonga akamuuzia vidonge vya mafuta ya samaki. Ustadhi, mtu wa taratibu zake, akauliza: "Kocha, hamna haramu humu?"

Kuuliza si ujinga. Ujinga siku hiyo ulikuwa kwa mjibuji.

"Mtu wa ziwa kama mimi utaniambia nini kuhusu samaki?" anasema. "Nikamwambia, 'Ustadhi, meza bila wasiwasi.' Hata chupa sikuigeuza."

Goti likapoa. Ramadhani ikaingia, na kila magharibi Abdulrauf akawa anafuturu kwa tende, maji na kidonge cha kocha.

Kisha Rumaisa, mfamasia anayefanya mazoezi hapo hapo, akaichukua chupa ya vidonge hivyo kwenye kaunta, akasoma, akamvuta Wesonga kando. Mafuta yalikuwa ya samaki kweli. Ganda la kidonge lilitokana na nguruwe.

Wesonga alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo alinyamaza siku tisa nzima, na kila alasiri ustadhi alipomaliza mazoezi alimshika mkono akamwambia, "Mungu akulipe heri, kocha."

"Hiyo dua ilikuwa inanichoma," anasema. "Akiniachilia tu mkono, nilikuwa najificha choo mpaka aende."

Mkewe, Nanjala, ndiye aliyemtoa mafichoni. "Mficha uchi hazai, Baba Ivyne. Enda umwambie."

Siku ya kumi akamwambia, pale ngazini.

"Ulikuwa wajua uliponiuzia?"

"Hapana, ustadhi. Lakini uliniuliza, nikajibu kama mtu anajua. Nisamehe."

"Mimi sikujua, nawe hukujua. Kwa hilo Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema, nami nimekusamehe." Akashuka vidato viwili, akageuka. "Umejua lini?"

"Siku tisa sasa."

"Na kila siku waniona naenda zangu kufuturu."

Akashuka zake.

Duka la mjini Wesonga ameliambia litafute muuzaji mwingine. Mwezi Januari anatarajia kuanza kozi ya lishe, masomo ya jioni, hata kama itabidi akae darasani na watoto wa juzi.

Abdulrauf bado huja. Husalimia, hufanya mazoezi yake, huondoka.

"Lakini haniulizi kitu. Akitaka kujua abebe uzito gani, anauliza Kimanzi, na Kimanzi ni wa kupiga deki," anasema Wesonga. "Naomba tu siku moja aniulize kitu. Chochote. Hata kama nitamwambia sijui."