Feni ya Mama Neema

Juzi niliona feni ya buluu dukani mtaani Dengfeng, hapa Guangzhou, nikaisikia tena harufu ya chai ya tangawizi ya chumbani kwetu. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, Mama aliazima feni kama ile kwa jirani, maana viongozi wa mfuko wa Watanzania wa Guangzhou walikuja kuona kama tunastahili kusaidiwa kodi. Mimi nilidhani ni wageni tu.

"Mbona hali yenu nzuri, dada," mmoja alimwambia Mama, akiufuata upepo kwa uso.

"Ni ya Mama Neema," nilidakia. "Jioni tunairudisha. Na vikombe."

Mama alinifinya paja. Wiki ile mfuko ulitulipia kodi, nami kwa miaka mingi niliamini chai ndiyo iliyowapendeza.