Msimu Dalho Alipomwacha Kaka Yake

Gari la Tak Wonsik lilinuka nyasi mbichi, soksi na viazi vitamu vya kuchoma, na kwa miaka mingi ndilo lililokuwa makazi ya ndugu wawili. Kila Aprili, msimu wa gofu ya kulipwa ya wanaume ulipofunguliwa, Wonsik alipakia begi la fimbo nyuma, mdogo wake Dalho akaketi mbele, kofia ameivuta hadi puani, wakaondoka Gunsan. Wiki hii milimani Gangwon, wiki ijayo Incheon kando ya bahari, halafu kusini, halafu kupanda tena. Dalho alicheza. Wonsik alibeba begi, akapima upepo, akasoma mteremko wa nyasi, akaendesha gari na kufua soksi.

Haikuwa kazi ya kumpa mtu jina. Siku hizi Wakorea wakitaka gofu huwatazama wanawake. "Hata mama yetu," Wonsik alipenda kuwaambia wabeba begi wenzake, "mwanawe yuko chaneli hii, yeye yuko chaneli ya jirani anawashangilia mabinti wa watu." Wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana kila mmoja alikuwa na mama wa namna hiyo.

Dalho hakucheka sana. Alikuwa mtu wa kimya, mpigaji mzuri asiyepata kushinda, ambaye majira ya joto yalimkuta kila mwaka katikati ya orodha, na vuli ikamwacha hapo hapo. Na kulikuwa na jambo ambalo hakulisema kwa mtu.

Baba yao alikuwa na uwanja wa mazoezi nyuma ya stendi ya mabasi, ule uliozungushiwa nyavu za kijani. Wote wawili walikulia pale, wakiokota mipira ya wateja na kuipiga wateja wakishaondoka. Wateja wa zamani walisema mpira wa Wonsik ulikuwa na mlio wake, hata ukifumba macho ungejua ni yeye aliyepiga. Kisha baba akaugua, na nyumba ikabaki na uwezo wa kumpeleka mtoto mmoja tu kwenye majaribio ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Wonsik alikuwa ndiyo kwanza ametoka jeshini. Jioni moja mezani akasema kifundo chake cha mkono kinamuuma, kwa hiyo aende Dalho. Alisema hivyo huku mkono ule ule umeshika vijiti, unamwekea Dalho kipande cha samaki bakulini. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Dalho naye hakuuliza, kwa sababu alitaka sana kwenda.

Basi tangu siku hiyo, kila Wonsik aliposema, "Piga chini kidogo, upepo unageuka," Dalho alisikia sauti ya mtu ambaye angeupiga mpira ule vizuri kuliko yeye. Shauri lilikuwa jema, na lilimkera kwa wema wake.

Mwaka ninaousimulia, Juni iliwakuta Gangwon. Mvua ilikuwa imekatika, vilima vinafuka mvuke, na Dalho alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akapita mchujo, akapanda, na siku ya mwisho akafika shimo la mwisho akiwa sawasawa na kijana mmoja wa Busan aliyecheza kwenye kundi la nyuma yake. Lilikuwa shimo refu la mikwaju mitano, na mbele ya bendera kulikuwa na bwawa. Mwenye moyo angeruka maji kwa mkwaju wa pili na kuitafuta bendera moja kwa moja. Mwenye hadhari angeuweka mpira upande huu wa bwawa, kisha aruke kwa fimbo fupi.

Wonsik alikuwa ametazama mbali, akichunguza vilele vya misonobari ajue upepo. Dalho akapeleka mkono kwenye begi kuchagua fimbo ya mkwaju wa pili. Vidole vikaigusa fimbo ndefu, ile ya kurukia, vikasita. Vidole vikaiacha, vikashuka, vikashika chuma, fimbo ya mkwaju wa hadhari.

Wonsik akageuka na kuuona mkono ulipo.

"Chuma," akasema kwa sauti ya kumtuliza. "Sawa. Weka hapa mbele ya maji, tumalize kazi."

Kipaza sauti cha televisheni kilikuwa karibu. Kilinasa maneno hayo tu.

Dalho akauweka mpira vizuri. Kisha, kwa fimbo fupi, akaupiga kwa nguvu ya mtu aliyeona haya. Ukatua nyuma ya bendera, ukazunguka kwa kasi, ukaanza kurudi. Watu wakapiga ukelele. Ukapita kando ya shimo, ukashika mteremko, ukaingia majini taratibu kama bata.

Kijana wa Busan akashinda.

Mtangazaji wa televisheni alimkuta Dalho jasho halijamkauka. "Wengi walitegemea uruke maji kwa mkwaju wa pili. Kwa nini chuma?"

"Roho yangu ilitaka kuruka," Dalho akasema. Alisikia uongo ukitoka mdomoni kwa urahisi uliomshangaza, na mwingine ukafuata. "Lakini aliyebeba begi akasema chuma."

"Ndiye kaka yako?"

"Kaka ni mtu wa woga kidogo. Labda ndiyo maana yeye hakucheza."

Baada ya mchezo waliingia kwenye mgahawa wa tambi baridi karibu na uwanja, ambako wabeba begi wengi walikuwa wamekaa. Televisheni ya ukutani ikarudia mahojiano. Mmoja wao, mtu wa maskhara, akaropoka: "Kaka Wonsik! Kumbe wewe ndiye uliyetumbukiza mpira majini!" Meza ikaangua kicheko. Kisha maneno ya mwisho ya Dalho yakasikika, yale ya kwa nini kaka hakucheza, na kicheko kikafa kidogo kidogo. Watu wakainamia mabakuli yao.

Wonsik aliinua bakuli, akanywa mchuzi, akalitua.

"Siki imezidi," akasema. "Nyie hamuoni?"

Njiani kurudi nyumbani, milima ilipokwisha, Dalho akaanza.

"Kaka, yale ya kwenye televisheni… niliulizwa ghafla."

"Mm."

"Unawajua walivyo wale."

"Nawajua. Wewe lala, njia ni ndefu."

Palikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na ilikuwa fupi. Chuma nilikishika mimi. Dalho aliizungusha mdomoni kituo hadi kituo, walipojaza mafuta, waliponunua kahawa, na walipofika Gunsan bado ilikuwa mdomoni.

Angeweza kuisema kesho yake, au wiki iliyofuata. Lakini aibu ina namna yake ya kumgeuza mtu. Akaanza kuona kwamba hawezi kucheza akitazamwa na macho yale mapole. Akipiga vibaya, Wonsik alimpa chai ya shayiri. Akipiga vizuri, Wonsik alimpa chai ya shayiri. Mwezi ule ule akamtafuta mtu aitwaye Maeng, mbeba begi wa kukodi aliyewahi kuwabebea washindi. Akaenda kwenye mgahawa wa mama yao, uliojulikana kwa kaa wa sosi ya soya, kumwambia kaka yake.

"Nadhani tupumzike kidogo."

Wonsik alikuwa anakata vitunguu. "Tupumzike au nipumzike?"

"Kaka, jamani."

"Nauliza tu, nijue kama nisafishe begi."

Akalisafisha. Akafuta kila mshikio, akatoa maganda ya viazi kwenye mifuko, akalipeleka mwenyewe kwa Maeng. "Akinyamaza usimsemeshe," akamwambia. "Na usimwache ale kaa kabla ya mchezo. Tumbo lake halina adabu."

Msimu ukaendelea. Maeng alikuwa fundi wa kazi yake, maneno machache, hatua za haraka. Akiulizwa jambo alijibu, asipoulizwa alitafuna ubani wake. Dalho alilala kwenye hoteli badala ya kulala garini, akala peke yake. Wachezaji wenzake walimwita, lakini mara nyingi alisema amechoka. Mara kwa mara simu ilikuwa mkononi na jina la kaka yake kwenye kioo, na mara zote akaona bora angoje acheze vizuri kwanza, apate pa kuanzia.

Akacheza vizuri Oktoba, Jeju. Upepo wa kisiwa ulivuma hata bendera zikawa zinalia. Wengine walipoteza mipira kwenye vichaka vya miamba myeusi, naye akaipitisha yake chini kwa chini, kama alivyofundishwa nyuma ya stendi ya mabasi. Kwenye shimo la mwisho alishinda mbele ya watazamaji wachache waliojifunika majaketi. Wenzake wakamkimbilia na kummwagia maji, kama ilivyo desturi. Maji yakimchuruzika usoni, akageuka kutafuta mtu wa kumtazama. Maeng alikuwa anarudisha bendera shimoni.

Akapiga simu nyumbani.

"Mama, nimeshinda!"

"Nani?" Nyuma yake palikuwa na makelele ya vyombo.

"Mimi! Dalho!"

"Ee! Mwanangu! Subiri nipunguze televisheni. Wateja wameweka ya akina dada… Umeshinda kweli? Umekula?"

"Kaka yupo hapo?"

"Yuko kule uwanja wa nyavu, anafundisha watu. Nimwambie nini?"

Dalho akafungua mdomo. Upepo ukaingia kwenye simu.

"Mwambie… upepo ulikuwa mkali sana."

"Hayo utamwambia mwenyewe," mama akasema, wala sauti yake haikuwa ya ukali.

Alikwenda Desemba, theluji ya kwanza ikianguka juu ya nyavu za kijani. Uwanja ule siku hizi ulikuwa wa mtu mwingine, na Wonsik aliajiriwa kufundisha. Dalho alimkuta amesimama nyuma ya mama mmoja mnene aliyekuwa anakosa mpira na kuutukana. "Usiuchukie," Wonsik alikuwa anamwambia. "Mwenzio hajui hata kama yumo kwenye mchezo." Mama yule akacheka, akapiga, mpira ukaruka.

Ndani, karibu na jiko la mafuta, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta la bluu akawamiminia chai.

"Huyu ni Yeonok," Wonsik akasema. "Ana cherehani pale ng'ambo ya barabara. Tunaoana mwezi wa tano."

Dalho akamsalimu kwa kuinama, akainuka masikio yanamwaka. "Sikujua."

"Utajuaje," Wonsik akasema. Yeonok akaona jambo, akachukua birika, akawaachia nafasi.

Dalho akatazama mikono yake. "Kaka. Kule Gangwon. Chuma nilikuwa nimekishika mimi, kabla hujasema neno."

"Najua. Niliuona mkono."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Televisheni?" Wonsik akapuliza chai yake. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Si watu, mimi tu. Nikangoja Julai. Agosti nikangoja, kila simu ikilia. Septemba nikaona nimechoka, nikaacha."

"Rudi, kaka. Nitamwambia Maeng. Nitawaambia na wanahabari."

"Sirudi."

"Bado umekasirika."

"Hapana. Ningekuwa na hasira tungegombana, tukapatana, nikapakia begi." Akasema hivyo kwa upole ule ule, na Dalho akatamani angetukanwa. "Ila nimezoea kuamka kwangu. Kuna mtu ananiuliza nitakula nini. Hata mimi sikujua kama nilikuwa nalikosa hilo."

Nje, mipira ilikuwa ikigonga nyavu. Kisha Dalho akauliza lile ambalo hakupata kuliuliza mezani siku zile baba akiwa hai.

"Kifundo chako. Kilikuwa kinauma kweli?"

Wonsik akakigeuza kifundo chake, akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Kidogo," akasema. Akasimama, maana mwanafunzi aliyefuata alikuwa amefika.

Msimu mpya ulipofunguliwa Dalho alimtafuta mtangazaji yule wa Gangwon na kumweleza ukweli wote, chuma na mkono. Mtangazaji akatikisa kichwa kwa adabu. "Mambo ya mwaka jana hayo," akasema, kisha akamuuliza kuhusu fimbo zake mpya. Yaliyoonyeshwa jioni yalikuwa ya fimbo.

Wiki ya harusi alikuwa anacheza Incheon. Alitolewa kwenye mchujo, kwa hiyo akawahi. Ukumbini watu wengi walikuwa wanafunzi wa Wonsik, na walimzunguka bwana harusi wakimtania kwamba leo amesimama vizuri, mabega hayajapinda. Mama alimpa Dalho kofi la begani, akamtengeneza tai. Wakati wa picha ya familia alisimama pembeni, na mpiga picha, ambaye hakumjua, akamwita: "Bwana, kama wewe si wa familia, sogea tupate nafasi."

"Ni mdogo wangu huyo," Wonsik akasema. "Njoo hapa, Dalho."

Akaenda, akasimama nyuma ya bega la kaka yake. Baada ya chakula wageni walikaa mpaka jioni, wakiimba. Dalho aliaga mapema kuliko wengi. Jumatatu ilikuwa siku ya mazoezi kusini, na Maeng hakupenda kungojeshwa.