Kona ya Njia ya Kisimani

Enzi zetu kule Chilangala, mtu hakuitwa dereva kwa kuwa na leseni. Uliitwa dereva ukishuka na gari la mti kutoka juu ya mteremko mpaka kisimani bila kuacha ngozi ya goti njiani. Na mimi, mtoto wa kike mwenye gauni la kurithi kwa dada, nilikuwa dereva. Hadija, binti wa jirani na mpinzani wangu mkubwa, yuko hai mpaka leo na hawezi kukataa.

Ndiyo maana binti yangu Zuhura aliponiita sebuleni, hapa kwetu Mkomaindo, nikaone gemu la mbio za magari ya porini kwenye laptopu yake, sikwenda kama mgeni. Aliniambia hiyo ni demo tu, kipande cha kuonjesha watu kabla gemu lenyewe halijatoka: njia moja, magari matatu, basi. Nikavuta kiti, nikashika pedi ya kuchezea, nikaendesha.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Tope wamelipatia. Tairi zikizama injini inalia kwa uchungu, na gari likiruka tuta linatua kwa kishindo, kisha linayumba kidogo kama linavyopaswa. Vumbi, hapana. Vumbi lao ni la kijivu na linatulia upesi, wakati la kwetu ni jekundu na linaingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Halafu ukiangukia korongoni unabonyeza kitufe, gari linarudi njiani likiwa zima, wala hakuna wa kukuuliza ulikuwa unakimbilia wapi. Zuhura alisema hiyo ndiyo raha yake. Nilimwambia huo ni uvivu.

Sisi magari tuliyachonga wenyewe. Magurudumu ya gogo, ubao wa kukalia, usukani wa tawi lenye panda, na breki kipande cha kandambili unachokikandamiza kwa kisigino juu ya gurudumu la nyuma. Kwenda kisimani tulifunga ndoo tupu na kushuka mbio. Kurudi tulifunga ndoo iliyojaa na kusukuma huku jasho likiingia machoni. Kule chini tulikaa kwanza, tukala ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha iliyopakwa chumvi, na msimu wa korosho tukafyonza mabibo mpaka maji yake yakachirizika kifuani na kuacha madoa ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza.

Gurudumu likilia tulilipaka mafuta. Siku moja Hadija akagundua kwamba yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho yanateleza kuliko mafuta yoyote. Yanateleza kweli. Lakini pia yanababua, na Hadija alipomaliza kupaka akajifuta jasho la uso kwa mkono uleule. Wiki nzima alikuja shule na uso kama muhogo uliomenywa na kisu butu. Watoto wa leo wakitokwa na kipele kimoja wanakipiga picha na kuomba pole za dunia nzima.

Katika mbio zetu sheria ilikuwa moja. Kule juu hakuna maji, maji yako bondeni, na mtu anayepanda na ndoo kichwani ametoka kwake tangu alfajiri. Ukikutana naye wakati unateremka, unafunga breki, unashuka kwenye gari, unaingia majanini na kuamkia mpaka apite. Hata kama unaongoza.

Basi, nami siku hiyo nilikuwa na langu jambo. Mama yangu bado anaishi Chilangala, na kila akipiga simu swali ni lilelile: "Mama Zuhura, huyo mjukuu wangu atakuja lini? Au anangoja nife?" Zuhura alikuwa hajakanyaga huko kwa miaka mitatu. Kisa, mtandao unasumbua. Maneno ya mama yalikuwa yakiniuma, na kumlazimisha binti aliyemaliza kidato cha sita ni kazi ya bure.

"Tushindane," nikamwambia. "Nikishinda, Jumamosi unakuja nami kwa bibi yako kuokota korosho. Ukishinda wewe, baki na demo yako, sitakuuliza tena."

Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, utalia leo."

Tukaazima pedi ya pili kwa jirani, kioo kikagawanywa nusu kwa nusu, tukaanza. Mwanzoni alinitimulia vumbi lake la kijivu. Lakini mteremko ulipoanza nilitulia, maana mteremko ninaujua: huukamati usukani kwa nguvu, unauacha upumue. Nilimpita kwenye mawe, nikamwacha kwenye tope, nikaingia kona ya mwisho peke yangu.

Pembeni mwa kona walisimama watu wa kuchorwa wakishangilia. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye nguo ya njano, karibu kabisa na njia, mikono yote miwili juu ya kichwa. Alikuwa anapunga. Mimi niliona ndoo. Kisigino changu kikagonga sakafu, kidole kikafunga breki, gari langu likaingia majanini na kusimama. Zuhura akapita, akashinda.

"Mama! Si ulikuwa unashinda? Mbona umefunga breki?"

"Kuna mtu anapanda," nikasema, kabla akili haijanirudia.

Hapo ikabidi nimwambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi, ninaongoza, Hadija yuko nyuma yangu, na kwenye kona kukatokea mwanamke mwenye ndoo. Niliiona ndoo vizuri, uso sikuutazama. Sikufunga breki, kwa kuwa nilitaka kushinda. Aliruka pembeni, ndoo ikaanguka, maji yote yakanywewa na mchanga. Alipogeuka nikaona ni mama. Alikuwa amekwenda kuchota mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwa nimechelewa kwa michezo. Nilingoja kofi, halikuja. Aliokota ndoo, akakung'uta kanga, akasema, "Mdogo wako ana homa, nilikuwa nawahi kumkanda." Kisha akageuka, akaanza kushuka upya. Nilimfuata nyuma nikilia mpaka kisimani.

Zuhura aliifunga laptopu. Mimi nilikuwa nimeshindwa, na ahadi ni ahadi. Sikumwuliza tena.

Jumamosi asubuhi nilibeba mkoba wangu, nikamkuta amekaa kizingitini amefunga kamba za viatu. "Nataka kuiona hiyo kona," akasema.

Siku hizi Chilangala kuna bomba karibu na nyumba ya mama, ila tulipofika lilikuwa na siku mbili halitoi kitu. Mama hakuwepo. Nilijua aliko. Tukaishika njia ya kisimani, ambayo sasa ni nyembamba, nyasi zimeila pande zote, na hakuna alama hata moja ya gurudumu la mti. Nilisikitika, siwezi kuficha. Watoto waliokuwa wakipiga kelele pale wamekuwa watu wazima waliotawanyika, na watoto wao wanakimbiza magari kwenye kioo.

Zuhura alinitangulia mbio, simu mkononi anapiga picha, mdomoni anaunguruma kama injini. Akaikaribia kona. Na kutoka chini, polepole, akatokea mama na ndoo yake ndogo kichwani.

Nilifungua kinywa nipige kelele. Sikuwahi. Zuhura alisimama ghafla, akaishusha simu, akaingia majanini mpaka magotini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," mama akajibu bila kusimama, akapita katikati ya njia na maji yake yote.