Sponji ya Kiti cha Mama Mkwe

Fundi wa makochi alikuwa na miaka hamsini na mmoja siku mpiga dramu wa bendi yao alipokalia gitaa lake. Hakulikalia kwa ubaya. Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya dawati, limefunikwa shuka, na mpiga dramu, mtu wa kilo mia na ushee, alikuwa anatafuta mahali pa kuketi afunge kamba za viatu. Kikasikika kishindo kimoja tu, kakh! Shingo ya gitaa ikaachana na mwili wake, nyuzi nne zikabaki zinaning'inia.

Fundi alikuwa amelipiga gitaa hilo la besi kwa miaka ishirini na sita. Siku za kawaida alishinda karakanani, akiyavua makochi ya watu vitambaa vikuukuu na kuyavika vipya. Alhamisi saa kumi jioni alifunga mlango na kwenda shule ya msingi, ambako bendi yao ilikuwa imepewa darasa la nne la kufanyia mazoezi watoto wakishatawanyika. Walikuwa wanne, watu wazima watupu, wakikaa kwenye madawati ya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Ndiye aliyeimba, ndiye aliyepiga gitaa la solo, na hata baada ya kustaafu hakuacha kusahihisha watu. Muziki wao ulikuwa wa aina moja: wa zamani, wa enzi za santuri, wa kuchezwa taratibu na watu waliopiga viatu rangi.

Basi Fundi akanunua gitaa jipya. Lilikuwa jekundu, linang'aa hadi unajiona sura. Alhamisi ya kwanza akalichomeka kwenye spika, akapiga noti moja. Ikatoka ndiiiiing, ikazunguka darasa, ikagonga ubao, ikarudi, na ilikuwa bado inaendelea Mwalimu alipoinua mkono.

"Fundi, imeisha?"

"Bado, Mwalimu."

Wakasubiri.

"Sasa nisikilize," Mwalimu alisema ilipokwisha. "Besi ya zamani haiimbi. Inagonga. Du! Inakuja, inafanya kazi yake, inaondoka. Ni kama mtu anayebisha hodi mara moja kisha anangoja. Wewe unabisha halafu unaendelea kukwaruza mlango."

"Lile la zamani lilikuwa linatoa hivyo lenyewe."

"Lile lilikuwa na nyuzi za tangu hujaoa. Zilishakufa zamani. Hizi ziko hai mno. Tafuta namna ya kuziua."

Tena alikuwa na wiki sita tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata, idara ya maji ilikuwa inamuaga mkuu wake, na mkuu mwenyewe alikuwa ameomba muziki wa zamani. "Yule bwana ana santuri mia nne nyumbani kwake," Mwalimu alionya. "Ukimpigia hiyo ndiiing yako, ataghairi kustaafu."

Fundi akaanza kuhangaika. Kwanza alizungusha kile kitufe cha kupunguza sauti nyembamba hadi kikagoma. Sauti ikawa kama ya mtu anayezungumza chini ya blanketi, ila mtu mwenyewe bado alikuwa hanyamazi. Akajaribu soksi, akaikunja na kuipachika chini ya nyuzi, karibu na kidaraja kinachozishikilia. Soksi ilifaa kidogo, lakini kila alipopiga kwa nguvu ilijisogeza, na katikati ya wimbo wa pili ikadondoka sakafuni mbele ya wote. Ilikuwa na tundu penye kidole gumba. Mpiga dramu alicheka hadi vijiti vikamtoka mikononi.

Kisha mtu mmoja akamwambia kwamba kinachonogesha nyuzi za zamani ni jasho na uchafu wa miaka. Fundi hakuwa na miaka ya kungoja. Akachukua mafuta ya kupikia, akaketi jikoni, akaanza kuzipaka moja moja. Mkewe, ambaye ni karani wa posta na si mtu wa kushtuka ovyo, akaingia na mkoba wake begani, akasimama.

"Baba watoto, unalikaanga?"

"Nalizeesha."

"Haya. Likiiva niite."

Halikuiva. Vidole viliteleza, akigusa noti moja zinatoka tatu. Akazifuta nyuzi kwa kitambaa, na hapo hapo macho yake yakatua kwenye sponji ya kuoshea vyombo, imetulia pembeni ya sinki. Akaikata nusu, akaipachika. Alichosahau ni kuikamua. Alhamisi, katikati ya wimbo, Mwalimu alisimamisha kila kitu.

"Fundi, gitaa lako linatokwa na povu."

Na kweli lilikuwa linatokwa. Mapovu madogo yalikuwa yanachuruzika juu ya ile rangi nyekundu hadi kwenye suruali yake.

Nyumbani mkewe alikuwa ameitafuta sponji mpaka amechoka. Alipoambiwa ilikokwenda hakukasirika. Alimtazama tu mumewe, kwa huruma hasa.

"Hivi wewe," akasema, "si una karakana nzima ya sponji?"

Miaka thelathini Fundi alikuwa anakata sponji kila siku ya Mungu, mpaka kwenye nywele alikuwa nayo, na bado alikuwa amekwenda kuiba ya jikoni. Aliona aibu hadi akatoka nje, akajifanya anakagua bomba.

Kesho yake akalibeba gitaa na kaspika kadogo hadi karakanani. Akajaribu sponji laini ya mito. Nyuzi zikalala juu yake raha mustarehe na kuendelea kuimba. Akajaribu ngumu ya viti vya ofisini. Noti zikafa kabla ya kuzaliwa, ikawa tok, tok, kama anagonga boksi tupu. Akakata nyembamba, akakata nene, akaziandika namba kwa kalamu asizichanganye. Alifika namba kumi na moja. Hakuna hata moja iliyosema du. Zilibaki wiki mbili, na maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Ndipo kilipoletwa kiti cha mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa maneno machache, mstaafu wa mapokezi ya hiyo hiyo idara ya maji. Miaka ishirini na minne Fundi alikuwa mkwe wake, na bado mbele yake alikaa amebana magoti kama anasubiri kuitwa kwenye usaili. Kiti kilikuwa kile cha kuketi peke yake sebuleni, akisikiliza redio. Maagizo yalikuwa mafupi: "Kitambaa tu, mkwe. Ndani usiguse."

Fundi akavua kitambaa. Sponji iliyokuwamo ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, ina madoa ya kila aina, imekaliwa hadi ikashikamana. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikazama polepole, ikarudi polepole, kama mtu anayefikiri kwanza kabla hajajibu. Akaitazama. Akatazama mlangoni. Akachukua mkasi.

Alikata kipande kidogo tu, upana wa vidole viwili, kutoka ubavuni. Akakisukuma chini ya nyuzi penye kidaraja. Akalaza kitako cha kiganja juu yake, akapiga kwa kidole gumba.

Du.

Akarudia. Du. Du-du, du. Sauti ilikuja nene na ya mviringo, halafu ikakatika, kavu, bila mkia. Malaika yakamsimama mikononi. Aliketi palepale, juu ya kochi la mteja lililokuwa bado lina misumari nje, akapiga wimbo mzima bila kuhisi kitu. Upande wa pili wa ukuta, fundi viatu akaacha kugonga.

"Redio gani hiyo jirani?"

"Ni mimi!"

"Acha uongo wako!"

Hakuwahi kusifiwa hivyo maishani. Na hapo tamaa ikamwingia. Je, kipande kikichanika? Akakata cha pili cha akiba. Je, vyote viwili vikipotea? Akakata cha tatu na cha nne. Alipoweka mkasi chini, sponji ya mama mkwe ilikuwa kama mkate uliopitiwa na panya. Hakukuwa na la kufanya ila kuiweka kando na kukijaza kiti sponji mpya, ya daraja la kwanza. Alijiambia kwamba mama amepata kilicho bora zaidi. Alijiambia mara nyingi sana.

Siku ya tatu baada ya kiti kurudishwa, mama mkwe alikuja karakanani mwenyewe.

"Mkwe, nikikaa kwenye kile kiti najiona niko ugenini."

"Ni kitambaa kipya, mama. Kitazoea."

"Kitambaa nakitazama. Ninachokalia ni cha ndani. Sponji yangu iko wapi?"

"Ilikuwa imeoza, mama. Nikaitupa. Gari la taka limeshapita."

Mama mkwe akasema, "Haya." Basi. Fundi alikwenda na hiyo "haya" nyumbani, akala nayo, akaamka nayo.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa idara ya maji ulikuwa umejaa viti vya plastiki, na safu ya pili yote walikuwa wastaafu. Mama mkwe alikuwa katikati yao, mkoba mapajani. Fundi alipomwona akapanga kupiga shughuli nzima akiwa amegeuka nyuma.

"Geuka, Fundi," Mwalimu alinong'ona. "Unampigia nani, ukuta?"

Akageuka. Wakaanza. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, mkuu aliyekuwa anaagwa aliweka glasi yake mezani, akafumba macho, kichwa kikaanza kwenda na besi. Watu wakainuka wawili wawili. Wimbo wa pili, wastaafu nao wakainuka, na mama mkwe miongoni mwao. Fundi hakuwahi kumwona akitikisa hata bega. Sasa alikuwa anacheza kwa hatua ndogo ndogo, mkoba mkononi, na kila besi iliposema du, mguu wake ulikuwa umeshafika. Fundi alifurahi na kuona aibu kwa pamoja, na mkono usijue ufuate lipi, ukaendelea kupiga.

Baada ya wimbo wa tatu mama mkwe akapanda jukwaani kumpongeza.

"Mkwe, leo umenirudisha usichanani," alisema. Kisha akavaa miwani, akainama. "Na hicho nini hapo chini ya nyuzi?"

"Ni... kitu cha kupunguza mlio, mama."

"Kina wino."

Fundi akakifunika kwa kiganja.

"Huo wino aliumwaga mkeo akiwa darasa la tatu. Akageuza mto wa kiti ili nisione. Niliona. Nikamwacha tu."

Kipaza sauti cha Mwalimu kilikuwa hatua moja kutoka mdomoni mwa mama, na kilikuwa wazi. Ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza unasikiliza. Kule nyuma, mke wa Fundi alijifunika uso kwa karatasi ya ratiba.

"Mama, nisamehe..."

"Kwa hiyo hukuitupa."

"Sikuitupa."

"Na huu mdundo wote tuliocheza umetoka humo?"

"Wote, mama. Nilijaribu nyingine kumi na moja. Hakuna."

Mama mkwe akajinyoosha. Akawageukia wastaafu wenzake. "Mmesikia? Miaka thelathini na minane makalio yangu yanatengeneza muziki, na hakuna mtu aliyeniambia!"

Ukumbi ukapasuka. Mkuu alicheka hadi akavua miwani na kufuta machozi. Mpiga dramu aliegemea nyuma, kiwiko kikagonga toazi, likalia chwaaa. Mwalimu alishika kipaza sauti ili arudishe nidhamu, ikatoka kwikwi tu. Na Fundi, aliyekuwa anatamani ardhi ipasuke, akajikuta naye anacheka, jasho likimtiririka, huku mama mkwe amemshika bega.

"Hicho kaa nacho," mama alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Sponji iliyobaki yote irudi kwenye kiti. Jumatatu nakuja kusimamia."

Jumatatu alikuja, akasimama mikono kiunoni hadi mto wa zamani ukaungwa kwa gundi kipande kwa kipande. Palipopungua paliwekwa sponji mpya, kwa hiyo kiti hicho hadi leo kinaruka kidogo upande wa kushoto. Mwenyewe anasema hakimsumbui. Lakini Fundi akiingia sebuleni, mama husogea kushoto, akarukaruka mara mbili makusudi, bila kusema neno.

Mkuu mstaafu alimwalika Fundi nyumbani, wakasikiliza santuri kutwa nzima. Huko Fundi aligundua kwamba wapigaji wale wa zamani walipiga mbali na kidaraja, karibu na shingo, na kwamba walinyamaza zaidi kuliko alivyodhani. Alirudi akiwa amepunguza nusu ya noti zake. Mwalimu alisikiliza wimbo mzima, akatafuta kosa, akakosa, akaishia kumsahihisha namna alivyokaa.

Siku hizi mama mkwe huhudhuria mazoezi kila Alhamisi. Hukaa kwenye kiti cha mwalimu wa darasa, mbele kabisa, na husikiliza kimya. Wiki yake ya pili tu aliinua kidole na kumwelekeza mpiga dramu.

"Mwanangu, unakimbia nini? Kuna anayekufukuza?"

Mpiga dramu, ambaye Mwalimu alishindwa kumpunguza mwendo kwa miaka minane, akasema, "Hapana, mama," akaanza upya, taratibu.